Kidoti cha paji la uso si cheti cha ndoa

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya WhatsApp: eti mwanamke wa Kihindi mwenye kidoti chekundu kwenye paji la uso ameolewa, na asiye nacho hajaolewa. Si kweli.

Kidoti hicho, bindi, huvaliwa na wasichana, walioolewa na wasioolewa. Mkanganyiko una mzizi wake: zamani, hasa kaskazini mwa India na Bengal, chekundu kilikuwa cha mke wa mtu, na mjane alikiacha. Siku hizi vipo vya kubandika, vya kila rangi, vya kulinganisha na sari au hata jinzi. Tazama pakiti moja dukani, utaona rangi zilivyochanganywa.

Alama za ndoa kwa Wahindu wengi ni nyingine: unga mwekundu wa sinduri kwenye njia ya nywele, mkufu wa mangalsutra wenye shanga nyeusi, pete za vidole vya miguu. Hata hizo, wake wengi wa mijini hawazivai kila siku. Na Wahindi Waislamu, ambao tunao majirani wengi Mombasa na Zanzibar, kwa kawaida hawavai bindi.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Kama una jirani wa Kihindi mnayeheshimiana, muulize yeye.