Anayefuta Chapisho Lako Anaona Nini?

Nimesimamia maudhui pande zote mbili: kwanza nikiwa mkaguzi wa kulipwa wa mtandao mkubwa wa kijamii, na sasa nikiwa msimamizi wa kujitolea. Mara nyingi naulizwa ni upande upi wenye kanuni bora, lakini kanuni zenyewe zinafanana sana, kwa kuwa matusi, vitisho na ulaghai vimekatazwa karibu kila mahali. Tofauti kubwa iko katika kile anachokiona mtu anayetoa uamuzi.

Kwenye kampuni, chapisho lililoripotiwa hutolewa ndani ya mazungumzo yake na kupangwa kwenye foleni, ambako mkaguzi ana muda mfupi tu wa kuliamua kabla ya jingine kufika. Chukua mwanamke aliyetukanwa kwa sababu ya kabila lake, naye akalinukuu tusi lile neno kwa neno ili wenzake waone anachofanyiwa. Kwenye foleni linaonekana tusi peke yake. Chapisho linafutwa, akaunti ya mwanamke inafungiwa, na aliyemtukana anaendelea na shughuli zake. Simlaumu mkaguzi hapo, maana alichonyimwa ndicho alichokihitaji. Mwaka 2016, Facebook iliondoa picha maarufu ya vita ya mwaka 1972, inayomwonyesha mtoto wa kike wa Vietnam akikimbia uchi baada ya shambulio la mabomu ya moto ya napalm, kwa sababu kanuni ya uchi ilitumika bila kuangalia picha ile ni ya nini. Ilirejeshwa baada ya watu wengi kupaza sauti.

Msimamizi wa kujitolea huwa amekaa ndani ya mazungumzo hayo hayo. Anamjua mgeni asiyefahamu taratibu na anamjua mchokozi wa siku zote. Katika Wikipedia, kila badiliko hubaki kwenye historia ya ukurasa pamoja na jina au utambulisho wa aliyelifanya, na kosa la msimamizi linaweza kuonwa na kutenguliwa na mwingine. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni ninayoipenda sana: mhariri anayetengua kazi za wenzake zaidi ya mara 3 katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa kuhariri, hata kama hoja yake ni sahihi, ili wanaobishana walazimike kwenda kwenye ukurasa wa majadiliano. Kanuni ya namna hiyo haiwezi kutungwa na mtu asiyewahi kukaa katikati ya ugomvi wa wahariri.

Hata hivyo, kujitolea kuna mipaka yake, na ni makosa kuificha. Jamii ndogo inaweza kutekwa na kundi la marafiki wanaolindana. Tena kuna maudhui ambayo hakuna mtu anayepaswa kuyatazama bila malipo wala ushauri nasaha. Baada ya shambulio la misikiti ya Christchurch, New Zealand, mwaka 2019, Facebook ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 za video ya mauaji katika saa 24 za kwanza, na zaidi ya milioni 1.2 kati yake zilizuiwa na mashine zikiwa bado zinapakiwa. Hakuna kundi la watu wa kujitolea linaloweza kufanya hivyo kwa mikono. Na mwaka 2020 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa wakaguzi wa Marekani walioumia kiakili kutokana na kazi hii.

Kwa hiyo siziombi kampuni ziwakabidhi watu wa kujitolea mzigo huo. Ninachotaka ni mkaguzi aonyeshwe mazungumzo yote kabla ya kubofya, na apewe muda wa kuyasoma. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, inazitaka kampuni zimweleze mtumiaji sababu ya chapisho lake kuondolewa. Ni hatua nzuri, ila sababu iliyoandikwa na mtu aliyeona sentensi moja tu haitamsaidia yule mwanamke aliyenukuu tusi.