Lango la Roho liko kwenye kifundo cha mkono

Wengi wanaonijia kwa tiba ya sindano za Kichina hulalamikia usingizi, mapigo ya moyo kwenda mbio au kifua kubana. Ni nadra mtu kusema ana huzuni. Mwaka jana alikuja mama mmoja aliyefiwa na mumewe miezi minane kabla. Nilimwamkia, nikamuuliza hali. "Sijambo, mwanangu, nimeshazoea. Ila silali." Nikamwomba atoe ulimi. Ncha yake ilikuwa nyekundu kama pilipili mbivu, na ncha ya ulimi ndipo tunapousoma moyo.

Nilisomea kazi hii Chengdu, mji wa China ulio karibu na Qingcheng, mmojawapo wa milima mitakatifu ya Watao, wafuasi wa dini na falsafa ya kale ya Kichina. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni ini, wengu, mapafu na figo. Kila herufi ilikuwa na kipande kinachomaanisha nyama. Kisha akaandika moyo: hauna kipande hicho. Akaendelea na hasira, huzuni na hofu, na chini ya kila herufi mlikuwa na moyo. Nilielewa zaidi kwa ubao ule kuliko kwa mihadhara mingi.

Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, kinauita moyo mfalme. Ndani yake hukaa shen. Neno letu la karibu ni roho, ingawa shen ni pia ufahamu, na ile nuru unayoiona machoni mwa mtu mwenye uhai. Kitabu hicho kinasema huzuni na majonzi huutikisa moyo, na moyo ukitikisika viungo vyote vya ndani hutikisika nao.

Kwa Watao, mfalme mwema hutawala kwa kutulia, kazi zikafanywa na mawaziri. Huugua anapoburutwa kwenye kila ugomvi. Ndiyo maana sijaribu kuujaza moyo furaha. Hata furaha ikizidi huitawanya shen. Ninachofanya ni kupunguza kelele barazani kwake.

Nilichelewa kulishika hili. Mwanzoni nilikuwa nachoma sindano nyingi, kila dalili na sindano yake, na wagonjwa wakaondoka wamechoka kuliko walivyokuja. Mwanafalsafa Zhuangzi alizungumzia saumu ya moyo, kusikiliza kwa qi, yaani nguvu ya uhai, badala ya masikio. Siku hizi nafunga saumu hiyo kabla ya kumgusa mgonjwa: nanawa, nashika mkono wake, nasubiri mawazo yangu yapungue.

Kwa mama yule nilianza na Shenmen, yaani Lango la Roho. Ni nukta ya saba kati ya tisa za njia ya moyo, mkondo wa qi unaotoka kwapani hadi kidole kidogo. Iko kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo, katika kibonde kando ya mshipa mgumu. Sindano ni nyembamba, robo ya milimita, na huingia milimita chache tu. Punde nikahisi inashikwa, kama mshipi samaki anapoonja chambo. "Mkono umekuwa mzito," akasema.

Ya pili niliichoma Neiguan, vidole vyake vitatu juu ya mkunjo, katikati ya mkono. Hiyo ni ya njia ya mlinzi wa moyo, yaani utando unaouzunguka. Mlinzi aliyepigwa na msiba hufunga mlango hata kwa wageni wema. Mama akashusha pumzi ndefu. Machozi yakamtoka kimya kimya, yakateremkia masikioni. Nikamfuta, sikusema neno.

Maumivu ya kifua yanayopanda mkononi au kukata pumzi ni ya hospitali, na upesi. Mwenye dawa za sonona asiziache kwa ajili yangu. Tafiti kuhusu sindano na huzuni zina majibu yasiyolingana, na katika baadhi yake hata sindano za bandia zilileta nafuu. Nadhani sehemu ya nafuu hutokana na kulala mahali tulivu, mtu amekushika mkono. Kwangu hiyo nayo ni tiba.

Mara ya nne alikuja akiwa amelala usiku tatu mfululizo. Akanisimulia mumewe alivyong'ang'ania kukuna nazi na kila mara akajikata kidole, akacheka mpaka akajishika mbavu. Ncha ya ulimi ilikuwa bado nyekundu kidogo. Nikachoma mbili tu, zile zile.