Lol: anayeiandika huwa anacheka kweli?

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia ofisini kwangu na simu mkononi. Kazi yangu ni kutafsiri Kiingereza na Kiswahili, na watu huniletea mikataba, vyeti vya ndoa, ripoti za hospitali. Yeye aliniletea meseji ya WhatsApp. Mdogo wake yuko Minneapolis, Marekani, siku hizi anaandika Kiingereza hata kwa ndugu zake: "Landlord called again lol." Programu ya simu ilikuwa imemtafsiria: "Mwenye nyumba alipiga tena nacheka kwa sauti." Akaniuliza, "Mwalimu, huyu anacheka nini?"

Programu haikubuni kitu. Lol ni herufi za mwanzo za "laughing out loud", kucheka kwa sauti, na maana hiyo ilikwishachapwa Mei 1989 katika FidoNews, jarida la watu waliokuwa wakiunganisha kompyuta zao kwa laini za simu za mezani. Machi 2011 kamusi kubwa ya Oxford ikaipokea, na wahariri wake wakaonyesha kwamba herufi hizohizo zilikuwa na maisha mengine kabla: tangu mwaka 1960 LOL ilikuwa "little old lady", yaani bibi kizee. Madaktari wa Marekani waliitumia hivyo wakizungumzia wagonjwa wao. Wengine huisoma "lots of love", upendo tele, kama salamu ya kufungia barua. David Cameron alikuwa mmoja wao. Mei 2012 Rebekah Brooks, aliyewahi kuwa mhariri wa magazeti, aliieleza tume ya Leveson, iliyochunguza mwenendo wa vyombo vya habari vya Uingereza, kwamba Cameron, Waziri Mkuu wa nchi hiyo wakati huo, alikuwa akimalizia baadhi ya meseji zake kwa LOL akidhani anatuma upendo, hadi yeye alipomfahamisha. Wacheza gemu nao wakiandika LoL wanazungumzia League of Legends, ya mwaka 2009. Kwa Kiholanzi lol ni neno kamili, maana yake raha. Kwa Kiwelisi ni upuuzi.

Huwa nasikia kwamba lol ilizaliwa na uvivu wa vijana. Chukua simu ya vitufe uhesabu. Herufi l unaipata kwa kubonyeza 5 mara tatu, o kwa kubonyeza 6 mara tatu, kisha l tena: jumla mara tisa. "Haha" ni mara sita tu. Mvivu angeandika haha.

Waliendelea kuiandika kwa sababu ilikwishapata kazi nyingine. Mwaka 2013 mwanaisimu John McWhorter alieleza kwamba lol imekuwa alama ya kuonyesha kwamba wanaoandikiana wanaelewana na kuhurumiana. Nakubaliana naye kabisa, kwa kuwa naiona kila wiki mezani kwangu. Ikisimama peke yake kujibu kichekesho, hicho ni kicheko, na "mbavu sina" inatosha. Ikija mwishoni mwa habari isiyochekesha, mwandishi anailainisha habari yake ili isimwangukie msomaji kwa kishindo.

Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa vijineno ambavyo hatuna hata mazoea ya kuvihesabu. "Tu" hulipunguza jambo. "Bwana" humsogeza msikilizaji karibu. "Jamani" huomba huruma. Sema "nimechoka", kisha "nimechoka tu", kisha "nimechoka jamani": uchovu ni uleule, lakini kila mara unamwomba mwenzako kitu tofauti. Kiingereza cha kwenye simu hukusanya haya yote ndani ya lol moja, kwa hiyo siwezi kuitafsiri bila kujua nani anamwandikia nani, na juu ya nini.

Nikamuuliza yule mama kama mwenye nyumba amewahi kutajwa kabla. Akapandisha meseji za nyuma kwa kidole gumba. Alikuwa ametajwa mara tatu, na kila mara lol mwishoni. Nikachukua karatasi nikamwandikia: "Mwenye nyumba kapiga tena bwana, basi tu."

Akaisoma mara mbili. "Kumbe kodi imemshinda," akasema.

Kule Minneapolis ilikuwa usiku wa manane. Akapiga hivyo hivyo.