Kabla ya Kuweka Busta Kubwa ya Breki kwenye Pikapu ya Zamani

Hilux za dizeli za zamani, zile za injini ziitwazo 2L na 3L, bado zinabeba mbao, saruji na mikungu ya ndizi. Wenye nazo hufika karakana ya chuo chetu na ombi moja: pedali ya breki ni ngumu, tuwawekee busta kubwa, yaani kile chombo kinachousaidia mguu kusukuma breki. Tunawaomba kwanza tupime.

Ndani ya busta mna kiwambo cha mpira. Upande mmoja hewa hunyonywa. Ukikanyaga breki, hewa ya nje huingia upande wa pili na kusukuma kiwambo kuelekea masta silinda, ile inayosukuma oili ya breki. Vakyumu, yaani ule mnyonyo wa hewa, ikiwa nzuri, kila sentimita ya mraba ya kiwambo hupata msukumo wa takriban kilo 0.7. Kwa hesabu hiyo busta ya inchi 8 hutoa kama kilo 227, na ya inchi 9 kama kilo 287. Mguu utaihisi tofauti hiyo.

Lakini vakyumu ya dizeli hizi hutoka kwenye pampu iliyo nyuma ya alteneta. Pampu ikichoka, au mpira unaoiunganisha na busta ukipasuka, busta ya inchi 9 nayo itakuwa ngumu. Tena Mbeya na Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, mgandamizo wa hewa ni pungufu ya ule wa Dar es Salaam kwa karibu moja ya tano, hivyo hata gari lisilo na kasoro hupoteza sehemu ya msaada huo.

Pima hivi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu. Iache ikiwa imekanyagwa bila kuachia, kisha washa: inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, kagua pampu, mpira na valvu ya njia moja kabla ya kuilaumu busta. Pedali inayobonyea kama sifongo ni habari nyingine kabisa; hapo toa upepo kwenye mfumo. Na oili ya breki ikipungua bila kuvuja nje, fungua masta silinda, kwani huenda inamwagia busta.

Ukiamua kubadilisha, kazi nyeti ni kijiti kinachosukuma masta silinda. Spea za mtumba huja na vijiti vya urefu tofauti. Kikizidi urefu hata kidogo, pistoni hairudi mwisho, oili haipati njia ya kurejea kwenye kopo lake, na breki hushika zenyewe kadiri zinavyopata moto. Kikiwa kifupi, pedali huzama mno. Fundi asiyepima kijiti hicho asifunge busta yako.

Busta humpunguzia dereva nguvu za mguu tu. Drami za breki zilizochemka kwenye mteremko wa Kitonga hazitapona kwa busta ya aina yoyote; hapo ni gia nzito tangu juu. Kushuka na injini imezimwa ili kuokoa mafuta ni hatari kubwa: baada ya kukanyaga mara mbili tatu, akiba ya vakyumu imekwisha.

Kazi ikiisha, endesha gari tupu kilomita chache mahali tambarare, simama, sogeza mkono karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikichemka kuliko nyingine, rudisha gari gereji kabla hujapakia mzigo.