Gun kwa Kijerumani: bunduki, bastola au mzinga?

Ukitafuta neno la Kiingereza gun kwenye kamusi ya Kijerumani, hupewi jibu moja. Unamwagiwa msururu: Gewehr, Pistole, Flinte, Büchse, Kanone, Geschütz, Schusswaffe, Knarre. Anayeanza kujifunza lugha huchukua la kwanza akaendelea na safari. Ndipo katika tafsiri yake polisi anachomoa Gewehr kiunoni, na Mjerumani anayesoma anabaki kucheka, kwa sababu Gewehr ni bunduki ndefu ya kuwekwa begani.

Mlegevu hapa ni Kiingereza. Gun ni karibu kila chombo chenye mtutu, kuanzia bastola ya mfukoni hadi mzinga wa manowari. Maelezo yanayokubaliwa zaidi kuhusu asili yake yanalitoa kwenye jina la mwanamke. Orodha ya silaha za ngome ya Windsor, Uingereza, ya mwaka 1330 hadi 1331, inataja mtambo mkubwa wa kurushia ulioitwa Domina Gunilda, yaani Bibi Gunilda. Jina hilo lina asili ya Skandinavia, na sehemu zake zote mbili zina maana ya vita. Kwa hiyo neno lilianzia kwenye dude kubwa, likateremka hadi kwenye kidude cha mkononi, na halikuacha kitu njiani.

Msomaji wa Kiswahili ana nafuu, kwani naye ana bunduki, bastola, mzinga, bombomu na gobore, na hawezi kuvichanganya. Afadhali atoke kwenye Kiswahili kwenda Kijerumani kuliko kupitia gun.

Bastola ni die Pistole, na ile yenye silinda inayozunguka ni der Revolver. Bunduki ya begani ni das Gewehr. Sheria ya silaha ya Ujerumani haitegemei macho, inatumia rula. Silaha huhesabiwa kuwa ndefu, Langwaffe, ikiwa mtutu pamoja na kufuli lililofungwa, yaani kile kinachouziba mtutu kwa nyuma, vinazidi sentimita 30, na urefu wa silaha nzima, hata ikifupishwa kadiri inavyoweza kufyatuliwa, unazidi sentimita 60. Isiyotimiza hayo ni Kurzwaffe, silaha fupi. Mtego uko kwenye bombomu, silaha ya kufyatua risasi mfululizo. Bombomu ya kawaida ni Maschinengewehr, lakini ile ndogo inayofyatua risasi za bastola ni Maschinenpistole, hata kama mtu anaishika kwa mikono miwili na ina kitako cha begani. Kinachoipa jina ni risasi.

Kwa wawindaji mambo yananoga zaidi. Mwindaji wa Kijerumani anachungulia kwanza ndani ya mtutu. Ukiwa laini na unarusha marisau, yaani vijirisasi vingi kwa mpigo, hiyo ni Flinte, silaha ya bata na sungura. Ukiwa umechongwa mifereji inayoizungusha risasi moja ili iende mbali bila kuyumba, hiyo ni Büchse, silaha ya paa na nguruwe mwitu. Büchse vilevile ni kopo, kwa hiyo mtu anaweza kufungua Büchse ya samaki bila kumtisha yeyote. Halafu kuna Drilling, bunduki ya mitutu mitatu: kwa kawaida miwili laini imelala ubavu kwa ubavu juu, na mmoja wa mifereji uko chini yake. Mwenye Drilling anaamua palepale, mnyama akishatokea, afyatue upi. Ukiitafsiri kwa gun tupu umeupoteza ufundi wote huo.

Büchse haikubaki kwa wawindaji. Mwaka 1914 askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, waliingia vitani na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, aina iliyoitwa Jägerbüchse. Baruti yake ilifuka moshi, na moshi ulimwonyesha adui pale ulipojificha.

Kwenye mizinga kuna maneno mawili. Das Geschütz ni neno la kijeshi la jumla, mzinga wowote. Die Kanone kiufundi ni mzinga wa mtutu mrefu, ila mtaani hutumika kwa mzinga wowote ule, na kwa mzaha hata kwa bastola. Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utauona mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, wa milimita 105. Manowari hiyo ilizamishwa na wenyewe katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, lakini mizinga yake kumi ikaopolewa, ikafungwa magurudumu na kupiganiwa nchi kavu. Mwingereza anauita gun tu. Mjerumani atasema Geschütz, au Schiffsgeschütz akitaka kusisitiza kuwa ulikuwa wa melini. Akisema Gewehr amekosea kwa tani kadhaa.

Papo hapo kuna kosa lingine linaloponyoka hata kwa wazoefu. Rais mgeni akipigiwa mizinga 21, Kiingereza nacho kinasema gun, lakini haina maana kwamba mizinga 21 imepangwa uwanjani. Hupigwa michache kwa zamu, na kinachohesabiwa ni mlio. Kijerumani kimeliweka wazi: 21 Salutschüsse, milio 21 ya heshima.

Vifaa vya fundi ambavyo Kiingereza huviita gun ni rahisi, karibu vyote huangukia Pistole. Cha kupulizia rangi ni Spritzpistole, cha gundi ya moto ni Klebepistole. Knarre ni lugha ya mtaani, iacheni kwenye midomo ya majambazi wa sinema.

Mara nyingine habari ya Kiingereza inasema tu kwamba mshukiwa alikuwa na gun, na huna namna ya kujua ni ipi. Hapo andika Schusswaffe, silaha ya kufyatua, neno ambalo polisi wa Ujerumani wenyewe hulitumia. Usifupishe ukaandika Waffe peke yake, kwa maana hata kisu ni Waffe.