Kitabu cha Nne na Wasomaji Wake: Dhana Potofu Kuhusu Mifululizo ya Mahaba ya Kikubwa

Nakala ya kitabu cha nne cha Crossfire, mfululizo wa riwaya za Sylvia Day kuhusu wapenzi wawili, Eva na tajiri Gideon, ambayo imezunguka katika kikundi chetu cha usomaji hapa Kampala kwa muda mrefu, imepasuka mgongo mahali pamoja, na ukiiweka mezani hufunguka yenyewe kwenye ukurasa huo. Shemeji yetu mmoja aliyekuja kumchukua mkewe Jumapili jioni aliiona ikiwa wazi vile na akadhani, kama ambavyo wengi wangedhani, kwamba huo ni ukurasa wa chumbani. Alipousoma alikuta mume na mke wanazozana juu ya uamuzi ambao mume aliufanya bila kumshirikisha mkewe. Ndio ukurasa tulioubishania kuliko mwingine wowote, na kila aliyekikopa kitabu alirudi kuusoma upya kabla ya kuja kwenye mjadala.

Ninaanza na mgongo huo kwa sababu dhana ya kwanza, tena ile inayozaa nyingine nyingi, inasema kwamba watu husoma riwaya hizi kwa ajili ya kurasa za faragha tu, na kwa hiyo maoni yao juu ya kitabu cha nne au cha kumi hayana uzito wowote zaidi ya kueleza kama kurasa hizo zimeongezeka au zimepungua. Hali halisi ninayoiona kila tunapokutana ni tofauti kabisa. Tuko tisa, baadhi yetu asili yetu ni Busia, wengine Arua na Bombo, na mmoja alikulia Goma. Vitabu tunavisoma kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo tunavyovipata kwa wauza vitabu vya mitumba, lakini mjadala wote huendeshwa kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha pekee inayotukutanisha sote bila mmoja wetu kujiona mgeni. Sasa, Kiingereza cha vitabu hivi hutaja kila kiungo na kila tendo kwa jina lake, ilhali sisi tunapoisimulia sura hiyo mbele ya mtu tunayemwita mama na mwingine tunayemwita shemeji, tunatumia tafsida: walikutana kimwili, walilala pamoja, waliyamaliza ndani. Sentensi moja inachukua nafasi ya kurasa sita, kisha msimuliaji anaulizwa mara moja wakawaje baada ya hapo. Tathmini yetu huanzia kwenye swali hilo. Ikiwa wahusika waliingia ndani wakiwa na hasira na wakatoka na hasira ile ile, bila mmoja kumfahamu mwenzake zaidi ya alivyomfahamu jana, basi kurasa zile sita hazikuibeba hadithi, na hayo ndiyo malalamiko makubwa ambayo wasomaji wetu waliyatoa juu ya baadhi ya sura za kitabu cha nne.

Hata nje ya aina hii ya riwaya, jambo hili limewahi kuchunguzwa kwa makini. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Janice Radway, alichapisha kitabu kuhusu kundi la wanawake wa mji mmoja wa katikati ya nchi hiyo ambao walikuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za mapenzi. Jambo moja walilomweleza ni kwamba kule kusoma kwenyewe kulikuwa kujitengea muda, saa ambayo mume na watoto hawakuwa na haki ya kuidai. Nilipolieleza hilo kikundini, mama anayeuza vitambaa alitikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza sentensi.

Dhana ya pili inahusu urefu. Inasemwa kwamba mwandishi akishavuka kitabu cha tatu, kila kinachofuata ni mchuzi uliotiwa maji, na kwamba msomaji anayeendelea kununua amedanganywa. Katika mfululizo huu dhana hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Sylvia Day alitoa vitabu viwili vya kwanza mwaka 2012 na cha tatu mwaka 2013, na wasomaji walikuwa wameahidiwa vitabu vitatu. Kisha ikatangazwa kwamba vitakuwa vitano, kitabu cha nne kiitwacho Captivated by You kikatoka mwaka 2014, na cha tano mwaka 2016. Aliyekuwa amejiandaa kuagana na Eva na Gideon mwaka 2013 alikuwa na haki ya kuudhika. Hata hivyo, kuudhika kwa sababu ya ahadi iliyobadilishwa ni jambo moja, na kukihukumu kitabu chenyewe ni jambo jingine, na mara nyingi nimeona mawili haya yakichanganywa.

Ili kukihukumu kitabu chenyewe, ni lazima kwanza kutambua kwamba mifululizo ya mahaba ina namna mbili za kujengwa. Ipo ile ambayo kila kitabu kina wapenzi wapya, labda ndugu au marafiki wa wale wa kitabu kilichotangulia, wakiishi katika mji au ulimwengu ule ule. Hapo tatizo la vitabu vya baadaye huwa ni msongamano, maana wapenzi wa zamani hurudi kila mara kusalimia na kuonyesha watoto wao, hadi wapenzi wapya wanakosa nafasi. Ipo na ile inayowafuata wapenzi wawili wale wale tangu mwanzo hadi mwisho, na Crossfire ni ya namna hii. Hapo tatizo ni la aina nyingine. Katika riwaya ya mapenzi, kama chama cha waandishi wa riwaya hizo cha Marekani kinavyoieleza, kisa cha mapenzi ndicho kiini na mwisho wake ni lazima uwe wa matumaini. Msomaji anajua basi, tangu ukurasa wa kwanza, kwamba wawili hawa hawatatengana moja kwa moja, na taharuki yote inatokana na namna watakavyofika. Eva na Gideon wanafunga ndoa kwa siri mwishoni mwa kitabu cha tatu. Kitabu cha nne kinabaki na swali ambalo riwaya nyingi za mapenzi hulikwepa kwa kufunga pazia mapema: watu wawili ambao kila mmoja alidhulumiwa utotoni, ambao tayari wamependana na tayari wameoana, wanaishije Jumatatu asubuhi?

Katika kikundi chetu swali hilo lilichukua sura ambayo sidhani kama msomaji wa New York angeifikiria. Mama wa Bombo alisema hadithi ilikwisha kwenye kitabu cha tatu na kwamba vilivyofuata ni kurefusha kamba. Binti mmoja aliyeolewa Masaka alimpinga kwa heshima, akaeleza kwamba kwao Buganda ndoa ambayo haikupitia kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kwa wazazi wa binti, ambayo ssenga, shangazi wa binti, hakusimama kumtambulisha bwana harusi na wazazi hawakupokea zawadi, bado haijakamilika machoni pa watu. Kwa hiyo ndoa ya siri ya kitabu cha tatu ilikuwa imefungua jambo, na kitabu cha nne kilikuwa na wajibu wa kulibeba mbele ya ukoo na mbele ya walimwengu. Sikubaliani naye kwa kila kitu, kwa sababu bado naona kwamba sura za katikati zinazunguka mahali pamoja, lakini nilirudi nyumbani nikakisoma upya kwa macho yake na nikakikuta kizito kuliko nilivyokiacha.

Kuna wanaosema pia kwamba kubadilisha msimulizi katika kitabu cha baadaye ni ujanja wa kuuza hadithi ile ile mara mbili. Kauli hii ina ukweli mahali fulani: E L James, mwandishi wa Fifty Shades of Grey, baada ya vitabu vyake vitatu vilivyosimuliwa na mwanamke, alitoa mwaka 2015 kitabu kinachorudia matukio ya kitabu cha kwanza kupitia kinywa cha mwanamume, na aliyekinunua akitarajia matukio mapya hakuyapata. Captivated by You kinafanya jambo jingine. Vitabu vitatu vya kwanza vinasimuliwa na Eva peke yake, na katika cha nne Gideon anapewa sura zake kwa zamu huku matukio yakiendelea kusonga mbele. Faida yake inaonekana pale ambapo mtu tuliyemjua kwa ukimya wake na kwa suti zake anaanza kusema nini kinamtisha. Wapo waliosema kwamba siri yake ndiyo iliyokuwa ikiwavuta, na kwamba alipofungua kinywa alipungua; maoni hayo nayaheshimu, kwa sababu yanatokana na kusoma kwa makini, na aliyeyatoa alileta kurasa za kulinganisha.

Dhana inayoniuma zaidi inasema kwamba mwanamke anayesoma hadithi ya tajiri mwenye wivu anatamani mume wa namna hiyo nyumbani kwake. Gideon ni mtu anayetaka kujua kila aliko Eva na ana fedha za kulifanikisha hilo. Katika kitabu cha pili anafikia hatua ya kumuua mtu aliyemdhulumu Eva alipokuwa mtoto. Sijapata kumsikia msomaji hata mmoja kikundini akisema kwamba angeyavumilia hayo kwa mumewe. Ninachosikia ni mjadala mkali kuliko semina nyingi nilizowahi kuhudhuria. Mwaka 2010 Uganda ilipitisha Sheria ya Ukatili wa Majumbani, ambayo inatambua ukatili wa kihisia, wa kisaikolojia na wa kiuchumi pamoja na ule wa kupiga na wa kingono, na dada mmoja anayefanya kazi ya usaidizi wa kisheria alituomba tukipitie kitabu cha nne tukitaja kila mahali ambapo mwenendo wa mume ungeangukia katika maelezo hayo. Tulikesha hadi teksi za kwenda Bweyogerere zikawa chache. Ukurasa uliopasua mgongo wa kitabu ulitajwa na watu saba kati ya tisa. Tulitaja pia, kwa haki, kwamba wawili hao wanakwenda pamoja kwa mtaalamu wa ushauri, jambo ambalo wanaume wengi wa riwaya hizi wasingelikubali, na kwamba kitabu chenyewe kinamwachia Eva nafasi ya kukasirika.

Juu ya hoja kwamba mambo haya ni ya kizungu na hayana mizizi kwetu, sihitaji kusema mengi. Katika Buganda shangazi wa upande wa baba, ssenga, ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha binti mambo ya chumbani, na Profesa Sylvia Tamale wa Makerere aliandika kwa kina mwaka 2005 juu ya mafunzo hayo na jinsi yalivyohamia mjini na kuwa kazi ya kulipwa. Pwani ya Waswahili ina kungwi na somo. Katika fasihi ya Kiswahili, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilizungumzia mwili na dhuluma tangu mwaka 1971, na ilipata misukosuko kwa sababu hiyo hiyo. Kigeni katika riwaya hizi ni uwazi wa maneno na namna ya kuyauza. Mada yenyewe hatukuletewa na meli.

Wengine hunong'ona kwamba kumiliki kitabu kama hiki nchini ni kosa la jinai, na hofu hiyo ina historia yake. Sheria ya Kupinga Ponografia ilianza kutumika mwaka 2014 ikiwa na maelezo mapana mno ya ponografia ni nini; mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha maelezo hayo pamoja na vifungu vingine muhimu vya sheria hiyo. Hilo halikufuta kila sheria inayohusu machapisho machafu, na wala halimpi mtu ruhusa ya kumpa mtoto kitabu cha watu wazima. Sisi huvitunza vitabu vyetu kwenye kasha la bati lenye kufuli, kwa sababu nyumba tunayokutania ina wasichana wawili wa shule ya msingi.

Imebaki dhana kwamba msomaji anayelalamika ni mtu mwenye chuki na mfululizo, na kwamba sifa ndiyo alama pekee ya upenzi. Anayekisema vibaya kitabu cha nne karibu kila mara amevimaliza vitatu vilivyotangulia, anakumbuka rangi ya pete na jina la daktari, na hasira yake inapimwa kwa kile alichokipenda hapo awali. Mama wa Bombo, aliyekikosoa kitabu hiki kuliko sisi sote, ndiye aliyeubandika mgongo wake kwa karatasi ya gundi, ndiye aliyeandika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma majina ya waliokikopa na siku walizokirudisha, na ndiye aliyeomba awe wa kwanza kitabu cha tano kitakapopatikana. Tulikipata mwezi Machi, hakina jalada la mbele, na mpaka leo kiko kwake.