Taa ya refujiamu si lazima iwake saa 24

Wafugaji wengi wa samaki wa maji ya chumvi wanashikilia kwamba taa ya refujiamu, yaani lile tangi la pembeni la kuoteshea mwani, isizimwe kamwe. Imani hiyo haikuzuka hewani. Zamani mwani uliopendwa ulikuwa Caulerpa, ambao ukianza kuzaliana humwaga mbegu zake kwa mkupuo: majani yanapauka hadi yanapitisha mwanga, maji yanachafuka yakawa ya kijani, na virutubisho ulivyofyonza vinarudi majini. Watu wakaona heri taa iwake usiku na mchana ili kuuzuia.

Siku hizi wengi wanafuga Chaetomorpha, mwani wa nyuzi ngumu zilizosokotana kama steelwire ya kusugulia sufuria. Huo hausumbui kwa tabia hiyo, na kiza hakiudhuru. Anza kwa kuwasha taa muda wa saa 12 hivi kwa siku, kisha uangalie unavyokua.

La maana zaidi ni wakati wa kuwasha. Usiku, taa za tangi kubwa zikizimwa, viumbe wote wanaendelea kupumua. Kaboni dioksidi inaongezeka na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, inashuka. Washa ya refujiamu saa hizo hizo: mwani utafyonza sehemu ya gesi hiyo, na pH haitayumba sana. (Matumizi ya umeme nayo yatapungua, kwa kuwa taa haiwaki saa 24.)

Bonge la mwani likiwa kijani juu lakini jeupe ndani, usikimbilie kuongeza saa. Nyuzi za juu zimeziba mwanga. Lipunguze, uligeuze.